Pasipoti Mbili Kwenye Kibegi Kimoja

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeishia darasa la tano, lakini nimeona ambayo waliosoma hawajayaota. Nimeona kontena likichomoka kwenye winchi pale bandari ya Jebel Ali na kupasuka kama papai. Nimeona tajiri mwenye maghala matatu akilia barabarani na kandambili mguu mmoja. Nilifika Dubai na suruali mbili, nikapakia na kupakua kwa miaka tisa, na leo nina ofisi yangu ya mizigo mtaa wa Satwa, vijana wanne stoo, na makontena yanayoshuka Dar, Tanga na Mombasa kila mwezi. Hakuna aliyenishika mkono. Anayesema alinishika mkono aje aseme mbele yangu.

Kwa hiyo mke wangu alipoanza kushuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya magoti, sikushangaa. Alisimama mbele ya karai la vitumbua Tanga miaka kumi na minne, mimi nikiwa huku, akisomesha watoto kwa mafuta ya moto. Miaka saba iliyopita nilimleta Dubai, nikamwekea ikama, kile kibali cha kuishi, chini ya jina langu, nikamwambia sasa kaa. Akakaa, na alipokaa ndipo magoti yakakataa. Daktari wa kwanza alitaka kupasua, wa pili akataka kupasua na pesa zaidi. Wa tatu, mzee wa Kihindi, akasema maji ya moto na kutembea polepole vingemsaidia kuliko kisu.

Nina mteja wangu Mkenya, dada mmoja anayeishi mtaa wa Silicon Oasis, anafanya kazi hotelini. Alikuja kupeleka televisheni kwao Nakuru, akasikia habari ya magoti, akaniambia madam mmoja aliyemfanyia kazi zamani alikuwa akienda kila mwaka kisiwa fulani cha Wagiriki. Maji ya moto yanatoka kwenye mawe, yanaingia baharini, unakaa pale bure.

"Na watu wa huko, boss, wame-relax mpaka utashangaa," akasema.

Nikamwambia mimi sishangai. Akacheka, akasema basi nipeleke mama.

Mke wangu hakutaka kwenda. Mama yake alikuwa amepigwa kiharusi mwaka mmoja nyuma, amelala Tanga, anahudumiwa na shemeji yangu mdogo, na kila simu ikilia usiku au mchana mke wangu anashika kifua kwanza. Alisema hawezi kwenda kuogelea kwa Wazungu huku mama yake yuko vile. Nikamwambia hata Ulaya kuna ndege, na mimi ni mtu ninayeweza kulipa tiketi ya siku hiyo hiyo.

"Simu ikilia tu, kesho yake uko njiani kwa mama yako. Popote tutakapokuwa."

"Umesema wewe," akajibu.

"Nimesema mimi."

Tulipata viza baada ya kupeleka makaratasi ya benki mpaka mkono ukauma. Tukapanda ndege hadi Athens, kisha meli kubwa saa nane nzima, kwa sababu kisiwa chenyewe hakina uwanja wa ndege. Pasipoti zote mbili zilikuwa kwenye kibegi changu cha kifuani, kile ninachovaa hata nikienda kununua mkate. Ndivyo tunavyosafiri siku zote. Nyumbani zinakaa kwenye sefu yangu pamoja na za vijana wa stoo. Najua sheria inakataza kushika ya mfanyakazi. Lakini vijana wanalala na wengine, sita chumba kimoja, vitu vinapotea, na wao wenyewe ndio walioniomba. Ya mke wangu hata haikuombwa. Ilipotoka ofisi ya ikama ikaingia kwenye sefu, khalas.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bibi mmoja mjane, amevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Ujanani alifanya kazi za ndani Australia, kwa hiyo Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kufanyia kazi, na tulielewana vizuri. Siku ya kwanza aliomba pasipoti ili aandike kwenye daftari la wageni. Nikatoa zote mbili. Alipomaliza hakunirudishia mimi zote. Alinipa yangu, akanyoosha mkono mwingine akampa mke wangu yake. Mke wangu akaipokea, akageuka, akanipa. Hakufikiri hata kidogo, kama unavyopokea chumvi mezani na kumpitishia mwenzako. Nikaitia kibegini. Yule bibi alinitazama muda mrefu kidogo, akafunga daftari lake.

Sasa niseme juu ya kile kisiwa. Siku tatu za kwanza zilinikera. Duka linafunguliwa mwenyewe akiamka. Basi ni moja, linapanda milimani asubuhi na kushuka mchana, na dereva akikutana na shangazi yake njiani anasimamisha gari wanaongea. Siku ya pili niliingia kwa muoka mikate, nikakuta mikate imepangwa, mtu hayupo, na sahani ya sarafu iko juu ya meza. Watu wanaingia, wanachukua mkate, wanaacha pesa, wengine wanajirudishia chenji wenyewe. Nilisimama pale kama dakika ishirini nikingoja aibe mmoja. Hakuiba mtu. Nilirudi nimeudhika, nikamwambia mke wangu watu hawa ningewapata mimi mwezi mmoja Jebel Ali, wangejua dunia ikoje.

"Waache," akasema. "Wewe si ndiye uliyenileta?"

Yeye kisiwa kilimpenda. Asubuhi yule bibi alimshika mkono wakateremka mpaka chini ya kijiji, mahali ambapo maji ya moto yanabubujika katikati ya mawe makubwa na kukutana na bahari. Huko walikaa vikongwe wa Kigiriki mpaka shingoni, wamevaa kofia za majani, wanapiga umbea. Mke wangu aliingia na gauni lake refu la kuogea na kilemba chake, wakamsogezea jiwe akalie, lile lenye moto wa wastani. Hakujua neno la lugha yao wala wao la kwetu, lakini nikiwa juu barabarani nilimsikia akicheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu tuoane. Siku ya nne alipanda ngazi za nyumba uso mbele, mguu mmoja baada ya mwingine kama binti. Alisimama juu akanigeukia, akanionyesha goti lake linavyokunjika.

Alasiri ile nilishuka naye. Vikongwe walikuwa wameondoka, tukawa wawili. Maji yalikuwa ya moto kiasi cha kukufanya useme bismillahi, na kila wimbi dogo likija linaleta ubaridi kidogo kwenye mbavu, halafu moto unarudi. Simu niliiacha juu ya jiwe, ikawa inatetemeka. Kulikuwa na kontena limekwama forodhani Tanga, kijana wangu hajui kusema na watu. Nikatoka kuipokea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nachuruzika maji kama mbuzi aliyetumbukia.

"Iangalie hiyo, isije ikafa kwa upweke," mke wangu akasema.

"Hiyo ndiyo imekuleta hapa."

"Nimeletwa na meli." Alikuwa anacheka. "Huwezi wewe. Hata saa moja bila simu huwezi. Utatapika."

"Kesho nazima asubuhi mpaka jioni."

"Huwezi, baba watoto."

"Kesho utaona."

Nilisema kama ninavyosema kila kitu, na mimi nikisema natenda. Hivyo ndivyo nilivyopata nilichopata maishani.

Asubuhi, saa moja, nilizima simu mbele ya macho yake nikaitia kibegini. Nikamwambia napanda na basi kijiji cha juu kabisa, chenye nyumba ya watawa, na nitarudi na basi la saa sita. Akanipungia mkono akiwa na kikombe cha chai. Nilikuwa nataka kumwonyesha, tena nilikuwa na furaha.

Lakini basi lilipofika kijiji cha katikati niliona watu wanapanga meza ndefu uwanjani, meza baada ya meza, wanawake wanakatakata matango, moshi wa mbuzi kila mahali. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji chao. Mzee mmoja akanipungia nishuke. Nikashuka. Nani anashuka hivi hivi kwa sababu amepungiwa mkono? Mimi sijawahi. Mbuzi nilimwacha, divai niliikataa nikaletewa maji ya limau, lakini nilikula samaki, mikunde, jibini, zeituni na mkate mpaka mkanda ukabana. Mwenye zeze alianza kupiga saa nne asubuhi. Wakajipanga mstari, mikono mabegani kwa wenzao, wakanivuta katikati, na mimi, ambaye hata kwenye harusi yangu sikucheza, nikacheza. Nikakanyaga watu, wakacheka, nikacheka. Basi la kushuka lilipita nikaliona likipita. Nikasema na lipite, nitapata gari. Kisha nikaketi kwenye benchi refu chini ya mzabibu, nikaegemea, nikalala. Sijalala mchana tangu nifike Uarabuni. Nililala kama gogo.

Nilishuka na pikapu ya muuza mikate saa kumi na moja jioni. Simu bado imezimwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia: umeona?

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Amevaa baibui la safari, viatu vya safari, na sanduku lake dogo limesimama pembeni. Yule bibi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja juu ya bega lake. Nikasogea mpaka karibu kabisa.

"Pasipoti yangu iko wapi?"

Nikafungua kibegi nikaitoa. Ilikuwa na unyevu wa jasho langu. Akaipokea, akaifungua kwenye picha, akaifunga.

Maelezo nilipewa na yule bibi, kwa sababu mke wangu hakuendelea. Shemeji alipiga saa tatu asubuhi. Mama ameshikwa tena, yuko hospitali, hasemi ila anaita jina la binti yake mkubwa. Meli ya kwenda Athens ilikuwa inaondoka saa nane mchana siku ile ile, na nyingine ingekuja baada ya siku mbili. Kulikuwa na muda wa kutosha kabisa. Dada Mkenya wa Silicon Oasis alipigiwa, akamtafutia tiketi ya kutoka Athens hadi Dar, akamwambia tuma namba ya pasipoti. Ndipo mke wangu akaanza kupiga simu yangu. Bibi akamtuma mpwa wake na gari mpaka kijiji cha juu, kwa watawa, nilikosema nakwenda. Watawa hawakuwa wamemwona mtu kama mimi. Mpwa alipita pale kwenye sikukuu mara mbili, kwenda na kurudi, lakini atajuaje kwamba nipo chini ya mzabibu nimelala? Saa nane meli ikapiga honi. Mke wangu alikuwa gatini na sanduku lake. Nahodha hakuwa na neno, angempeleka hata bila karatasi. Lakini Athens angefanya nini, akiwa hana kitu cha kuonyesha kwamba yeye ni nani?

Mama alifariki jioni ile, tumekaa pale pale nje. Walimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Mke wangu alisikiliza maziko kwenye simu akiwa amekaa juu ya lile jiwe lake, baibui limelowa mpaka magotini, na vikongwe wanne wamemzunguka majini. Mimi nilikuwa juu barabarani. Nilipotaka kushuka, yule bibi alinyanyua kiganja tu, nikasimama.

Usiku ule nilifanya kosa nililolifanya kwa akili zangu zote. Nilikuwa nimepiga hesabu. Meli inafika Athens saa nne usiku, ndege ni asubuhi, inapitia Addis, inafika Dar usiku, kisha barabara mpaka Tanga. Nikamwambia ukweli: hata ungeipata ile meli, maziko usingeyawahi.

Alikuwa anakunja kitambaa. Akaendelea kukikunja.

"Ningekuwa njiani," akasema.

Kisha akaongea, polepole, bila kupandisha sauti, na hapa naandika kama alivyosema, kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa.

"Mwaka wako wa tatu Jebel Ali baba yako alifariki. Hadithi hiyo umenisimulia mara ngapi? Arbab wako, yule tajiri wako Mwarabu, alikuwa na pasipoti yako kwenye sefu, na ufunguo wa sefu alikwenda nao Ulaya kupunga hewa. Siku arobaini. Ukabeba maboksi siku ile ile huku unalia. Kila mgeni akija kwetu unamsimulia, unamtukana yule Mwarabu mpaka mgeni anaona haya."

"Mimi si arbab wako," nikasema. "Mimi nilikuwa nakutunzia."

"Na yeye alisema anakutunzia." Akaweka kitambaa sandukuni. "Alikuwa na ufunguo, akaenda kustarehe. Haya, wewe ulikwenda wapi jana?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewashinda maneno maafisa wa forodha wa nchi tatu. Nikainama nikamfungia zipu ya sanduku.

Kesho yake meli ya pili ikaja, tukapanda. Yule bibi alimpa mke wangu mfuko wa tini kavu, mimi akanipa risiti. Uwanja wa ndege wa Athens tuliagana chini ya ubao wa saa za ndege. Yangu Dubai, yake Addis kisha Dar. Pasipoti yake alikuwa ameishika mkononi tangu kisiwani, hata melini alipolala ilikuwa chini ya shavu lake. Nilimwuliza atarudi lini. Akasema waache wamalize arobaini kwanza.

Arobaini ikaisha. Miezi miwili ikaisha. Watu wa Satwa wana mdomo. Wakaanza kusema mzee wa mizigo alikwenda Ulaya na mke, akarudi na rangi ya jua tu. Nilipandisha nauli ya mizigo yao, wakanyamaza.

Siku moja nikafungua sefu, nikawaita vijana wangu wanne, nikampa kila mmoja pasipoti yake mkononi. Sikueleza. Mkubwa wao, mtu wa Kigoma aliyekaa nami miaka sita, aliishika kwa mikono miwili.

"Bosi, nimekosa nini?"

Nilikuwa nimesahau. Huku kwetu bosi akikupa pasipoti mkononi ana maana moja tu, kwamba panga nguo zako. Nikawaambia hakuna aliyefukuzwa, kila mtu akae na yake, yalla, rudini kazini. Mpaka jioni wawili walikuwa wamezirudisha mezani kwangu. Walisema hawana pa kuziweka. Nikawanunulia makabati ya chuma yenye kufuli, moja moja. Wanadhani nimeugua.

Mke wangu alipiga mwezi wa tano tangu tuagane. Sauti yake ilikuwa nzuri, nyuma nikisikia kuku. Magoti yanaendelea vizuri, akasema, anatembea asubuhi mpaka sokoni. Kisha akaniambia kilichomfanya apige.

"Ile ikama iliyo chini yako. Nifutie."

Nikamwuliza kama anataka talaka. Nilisema kwa ukali, maana nilikuwa nimesimama mbele ya watu.

"Sitaki talaka. Mimi mke wako. Sitaki kuwa chini ya karatasi yako, basi. Ukitaka kuniona, nyumba ya mama unaijua, njoo ubishe hodi kama watu."

Nilimwambia nitaifikiria. Niliifikiria wiki tatu. Nilijiambia nikiiacha tu, miezi sita akiwa nje itajifia yenyewe, na hakuna atakayesema niliikata mimi. Lakini aliniomba kitu kimoja, na safari hii nilikuwa na simu mkononi, imewaka.

Nikaenda ofisi ya taipingi, nyuma ya mafundi cherehani, wanakojaza fomu za serikali. Binti wa Kifilipino kaunta alichukua kopi ya pasipoti na kitambulisho changu, akauliza uhusiano. Nikasema mke. Akauliza sababu ya kufuta, akanisomea zilizopo kwenye orodha yake: amefariki, talaka, anahamia kwa mdhamini mwingine, ameondoka nchini. Nikamwambia ni ya mwisho. Akabonyeza. Mashine ikatoa karatasi, nikaweka sahihi yangu ile ya darasa la tano, herufi kubwa zote, na nikalipa dirham mia mbili na kumi na saba na nusu.